Kula halali safarini kwa sisi tunaotokea Tanga: usiulize "hii ni halali?", uliza jikoni

Mtu wa Tanga akitaka kusafiri atauliza bei ya tiketi, viza, mzigo kilo ngapi, huko kuna baridi au hakuna. Chakula haulizi mpaka kashafika. Na namuelewa kabisa, maana hapa kwetu ukianzia Ngamiani barabara ya kwanza mpaka uteremke Raskazone huna habari ya kuuliza nyama kachinja nani, muuza supu unamjua, bucha anapochukulia unapajua, na mshikaki wa jioni unakula tu huku unapiga soga. Sasa ukishavuka Segera mambo yanaanza kubadilika kidogo kidogo, ukishavuka bahari ndo kabisa.

Kila siku kuna mtu anaenda Guangzhou kufuata mzigo, kuna mtu anampeleka mzee India matibabu, kuna kijana kapata skolashipu, na kwenye magrupu ya WhatsApp swali ni lilelile, jamani huko nitakula nini, na jibu ni lilelile, we kula samaki tu. Samaki ni jibu zuri na nitalirudia chini huko, ila halitoshi, maana samaki naye anakaangwa kwenye mafuta na mafuta yana mambo yake.

Swali lenyewe

Ukimuuliza muuzaji yeyote duniani "hii ni halali?" atakwambia ndiyo. Sio lazima awe muongo. Wengi wanachojua ni kwamba Waislamu hawali nguruwe, bas, habari za kuchinja, za pombe kwenye sosi, za kikaango kilichotoka kukaangia bekoni sasa hivi, hana habari nazo na wala hajawahi kuzifikiria. Kwahiyo uliza kitu ambacho mtu hawezi kukijibu kwa ndiyo tu. Nyama mnachukulia wapi? Hapa mnapika nguruwe? Kikaango ni kimoja au viwili? Haya mafuta ni ya nini? Kwenye huu mchuzi mmetia mvinyo? Anayejua kazi yake atakujibu hapohapo bila kusita, na anayebabaika agiza mayai ya kuchemsha na maganda yake, kula, ondoka, wala usimgombeze.

Tuanzie hapahapa nchini maana wengi wanadhani shida iko Uchina tu. Kwa desturi ya huku kwetu, machinjioni anayechinja mara nyingi ni Muislamu, hata mikoa ambayo Waislamu ni wachache, kwahiyo ng'ombe na mbuzi wa buchani kwa kawaida sio wa kukunyima usingizi. Mwenye mashaka ni kuku. Kuku wa mgahawa mdogo anaweza kuchinjwa na yeyote pale uani dakika kumi kabla hujaagiza, ndo maana ukiwa Moshi, Iringa au Mbeya uliza, "Shikamoo mama, samahani, huyu kuku kachinja nani?" Sio aibu, watu wa huko wamezoea kuulizwa na wengine wana kijana wao wa Kiislamu wa kuchinja kwa ajili hiyohiyo.

Halafu nyama choma. Hapo pana mtego. Baa nyingi za bara zina jiko la mbuzi na jiko la kitimoto, kwengine yako mbalimbali kabisa na wapishi tofauti, kwengine ni wavu mmoja, kisu kimoja na ubao mmoja wa kukatia. Swali la hapo ni moja tu: "Kaka, jiko la kitimoto liko wapi?" Uliza vizuri kama mtu anayelitafuta. Akisema hapa hatuna, vuta kiti. Akikuonyesha kule nyuma, nenda kaangalie kama kisu na ubao ni vya kwao peke yao. Akikwambia "hapahapa bosi, nikuwekee kilo?", mshukuru na uendelee na safari yako.

Basi likisimama kula, Korogwe, Mombo au Chalinze, muda ni mchache na huwezi kuanza mahojiano konda anapiga honi. Chukua wali maharage au ndizi mbivu au fungua kikapu chako.

Ndege

Ukikata tiketi mwambie wakala akuwekee MOML. Hizo herufi nne ndo chakula cha Waislamu kwenye mfumo wa mashirika ya ndege dunia nzima, huna haja ya maelezo marefu. Iwekwe mapema, mengi yanataka angalau saa 24 kabla ya kuruka na mengine zaidi ya hapo, na ukibadilisha tarehe ya safari piga simu uhakikishe imehamia kwenye tarehe mpya maana usipofuatilia unaweza kufika angani ukakuta jina lako halina chakula. Faida yake nyingine, vyakula maalum kwa kawaida hugawiwa mwanzo, utakuwa unamaliza wakati jirani yako bado anangoja troli.

Usichanganye na HNML, hicho ni cha Wahindu na kinaweza kuwa na nyama ambayo haikuchinjwa. Ikishindikana MOML chukua AVML, mboga za Kihindi, pilipili ipo na inashuka vizuri. Emirates na Qatar Airways chakula chao chote ni halali hata usipoagiza, ingawa pombe wanagawa, kwahiyo juisi ipokee ukijua ni juisi. Turkish hawaweki nguruwe.

Wengi wetu tunapitia Addis Ababa, na pengine unalala pale kungoja ndege ya kesho. Addis watu hawajui kuwa ni rahisi. Wakristo na Waislamu wa Ethiopia kwa desturi kila mmoja anakula machinjo ya kwake, bucha mbalimbali, migahawa mbalimbali, kwahiyo ukiuliza nyama ya nani hakuna atakayekushangaa, wao wenyewe wanaulizana. Kingine, Wakristo wa Orthodox wanafunga Jumatano na Ijumaa karibu mwaka mzima, na Kwaresima yao inakwenda siku 55, na mfungo wao ni kutokula nyama, maziwa, siagi wala mayai. Hiyo ni neema kwako. Agiza chakula cha mfungo, waambie "yetsom beyaynetu", utaletewa injera, ile chapati yao pana yenye uchachu, imejaa dengu, kabichi, mboga za majani na shiro, mchuzi mzito wa unga wa jamii ya kunde, na hamna mnyama hapo ndani. Cha kuepuka ni tej, ni mvinyo wa asali, unaletwa kwenye chupa nzuri yenye shingo ndefu ukauona kama sharubati.

Uchina

Hapa nitakaa maana ndo watu wanapopata tabu. Guangzhou ukiwa maeneo ya Xiaobei huna shida, Waafrika, Waarabu na Waturuki wamejaa na migahawa yao imejaa. Msikiti wa Huaisheng uko mjini humo na ni katika misikiti mikongwe kabisa Uchina, mnara wake una kama mita 36, na upo mwengine wenye kaburi ambalo wenyeji wanalinasibisha na Swahaba Saad bin Abi Waqqas, japo wanahistoria wana maneno yao. Mji wowote wa Uchina ukifika mgeni, tafuta msikiti kwanza, chakula utakikuta jirani. Yiwu nako sawa, wafanyabiashara wa Kiarabu wameshaweka mambo. Shida ni pale unapopelekwa Foshan kuangalia vigae na fanicha, kutwa nzima kiwandani, na mwenye kiwanda kwa ukarimu wake anakupeleka kula.

Cha kwanza jifunze kuitambua alama hii: 清真, inasomwa qingzhen. Hiyo ndo ya mgahawa wa Kiislamu, mara nyingi imeandikwa kwa kijani mlangoni. Usitegemee kuona حلال kwa Kiarabu, maana 2019 Beijing serikali iliwaamuru wenye migahawa waondoe maandishi ya Kiarabu kwenye mabango. Piga skrinishoti hizo herufi mbili sasa hivi. Gugo mapu kule haifanyi kazi vizuri, pakua Amap kabla hujaondoka, bandika hizo herufi kwenye sehemu ya kutafutia na zitakuja sehemu zote za karibu.

Mkombozi wa mfuko mdogo ni vibanda vya tambi za Lanzhou, 兰州拉面, vipo karibu kila mji, wengi wa wenye navyo ni Waislamu wa kabila la Hui kutoka Gansu na Qinghai, tambi zinavutwa kwa mkono mbele yako na supu ni ya ng'ombe. Lakini hizo herufi za Lanzhou peke yake hazitoshi, yeyote anaweza kuziandika, tazama 清真 ipo na aliyepo jikoni kavaa kofia yake nyeupe au mama kajifunga mtandio, halafu ndo ukae.

Ukiwa nje ya hapo kumbuka mambo mawili. Moja, menyu ya Kichina ikisema nyama bila kutaja mnyama kwa kawaida hiyo ni nguruwe, ng'ombe na kondoo ndo hutajwa kwa majina. Pili, mboga sio salama kwa kuwa ni mboga tu, kuna biringanya na maharage mabichi yanayonyunyiziwa nyama ya kusaga, kuna mboga zinazokaangwa kwa mafuta ya nguruwe, na mvinyo wa kupikia unamiminwa kwenye samaki kama sisi tunavyokamulia ndimu. Kwahiyo weka sentensi hii kwenye simu na umuonyeshe mpishi, sio weita: 我是穆斯林，不吃猪肉，不吃猪油，请不要放酒. Unamwambia we ni Muislamu, huli nyama ya nguruwe wala mafuta yake, na asitie pombe. Na yule mwenye kiwanda mwambie mapema asubuhi, sio mshafika mezani, Mchina anapenda kumheshimu mgeni na akijua mapema atakutafutia mwenyewe.

India, hasa kwa wagonjwa

Sensa ya India ya 2011 ilihesabu Waislamu milioni 172, kwahiyo halali ipo tele, ila haiko kila kona. Nyama ya ng'ombe sahau, majimbo mengi kuchinja ng'ombe ni kosa la jinai. Kuku na mbuzi ndo vya kuuliza, maana kuna wanaochinja kihalali na kuna jhatka, mnyama anakatwa kichwa kwa pigo moja, hii ni desturi ya Masingasinga na baadhi ya Wahindu. Uliza "halal au jhatka?" hivohivo, wanaelewa na wanajibu bila kinyongo, kule ni swali la kawaida.

Ukichoka kuuliza, bango la "pure veg" linakutosha, hakuna nyama wala mayai humo ndani. Bidhaa za madukani zina alama, kidoti cha kijani ndani ya kiboksi ni cha mboga, pembetatu ya kahawia ni kitu chenye mnyama. Ukienda Agra kutazama Taj Mahal jua hilo ni jimbo la Uttar Pradesh, na Novemba 2023 walipiga marufuku kuuza humo bidhaa zenye cheti cha halali, isipokuwa za kupelekwa nje ya nchi, kwahiyo kutoona nembo kwenye paketi huko hakukwambii kitu, rudi kwenye swali la bucha. Chennai ambako wagonjwa wetu wengi hupelekwa, nenda mtaa wa Triplicane, pale kuna msikiti wa Wallajah uliojengwa 1795 na biriani jirani jirani. Mumbai ni Mohammed Ali Road, na Ramadhani ndo usiseme.

Sasa mgonjwa aliyelazwa. Siku ya kwanza tu, mtu wa lishe akija na fomu yake mwambie we ni Muislamu na uulize kuku wao anatoka wapi, akijibu kwa kigugumizi andikisha mboga, dengu na maziwa, mzee atapona tu. La pili ambalo watu hawalifikirii ni dawa. Vidonge vile vya rangi mbili vya kufunguka, ganda lake kwa kawaida ni gelatini, na gelatini inaweza kuwa ya ng'ombe au ya nguruwe. Muulize daktari kama ipo ya kidonge kikavu au ya maji. Kama haipo usije ukamwachisha mzee dawa kwa fatwa yako mwenyewe, mpigie sheikh wako Tanga simu, habari ya dharura ina mlango wake kwenye dini na Qurani imeitaja, Surat al-Baqara aya ya 173.

Kwengine haraka haraka

Malaysia utakula mpaka uchoke, nembo ya kuitafuta ni ya JAKIM, idara ya serikali ya mambo ya Kiislamu. Jihadhari tu na bango la "no pork, no lard", hilo sio cheti, mwenye nalo anakwambia hana nguruwe wala mafuta yake lakini kuku kachinja nani hajasema. Thailand, hata Bangkok, tafuta umbo kama almasi lenye حلال ndani, linatolewa na baraza la Kiislamu la kule na lipo hadi kwenye biskuti. Uturuki huna la kuuliza sana zaidi ya pombe. Uingereza kuna wathibitishaji zaidi ya mmoja, HMC hawakubali mnyama azubaishwe kwa umeme kabla ya kuchinjwa, HFA wanakubali kwa masharti, chagua unayetulia naye. Denmark kuchinja bila kumzubaisha mnyama kumekatazwa tangu 2014, na wenyeji Waislamu wanakula, kwahiyo waulize wao kabla hujaanza kujinyima.

Kwa simu kuna Zabihah, apu ya kutafutia migahawa ya halali, ni ya zamani na nzuri zaidi Marekani na Ulaya kuliko kwengine. Ila soma maoni ya karibuni, mgahawa unauzwa, mwenye mpya anabadili bucha, na nyota zake zinabaki palepale.

Supamaketi na namba za E

Namba za E ni zile zinazoandikwa kwenye paketi kutaja rangi, vigandishi na vitu vingine vilivyotiwa kwenye chakula, na hapa watu wanatishana sana mitandaoni, ukifuata orodha zao utakula chumvi na maji. Za kukaa nazo kichwani ni chache. Gelatini, kama haikuandikwa ya samaki au ya halali, iache, na ipo kwenye peremende za kutafuna, mashimelo na baadhi ya mtindi. E471 inaweza kutoka kwenye mimea au kwenye mafuta ya mnyama, paketi ikisema ni ya mimea kula. E120 ni rangi nyekundu ya mdudu, wanavyuoni wamekhitalifiana. E440 ni pektini ya matunda, haina neno. Na E407 ambayo watu wanaikimbia kwenye maziwa ya chokoleti, ile inatokana na mwani, mwani huuhuu ambao kina mama wa Mkinga wanaulima na kuuanika pwani, sasa unaukimbia nini?

Ukiwa na shaka

Sisi wengi wa pwani hii ni Mashafii, na kwa Shafii viumbe vya baharini kwa jumla vinaliwa bila kuchinjwa, samaki, kamba, ngisi, pweza. Ndo maana lile jibu la kula samaki lina nguvu kwetu. Hanafi wao wanakomea kwenye samaki, kwahiyo ukiwa Istanbul au India Muislamu mwenzio akakataa sahani ya kamba we kula yako, msigombane mezani. Mwambie mpishi samaki achemshwe au achomwe, asikaangwe kwenye karai la watu wote.

Nyama ya Mayahudi na Wakristo ina aya yake, al-Maida aya ya 5, ila kama aya hiyo inaingia kwenye kuku wa supamaketi ya Ulaya leo wanavyuoni wanatofautiana, kwahiyo kaa na sheikh wako kabla ya safari, sio unampigia ukiwa kwenye foleni ya baga. Na ukialikwa nyumbani kwa Muislamu usimhoji. Ipo hadithi ya Bibi Aisha kwa Bukhari, watu walimwambia Mtume, rehema na amani zimshukie, kuna jamaa wanatuletea nyama na hatujui kama waliitajia jina la Mwenyezi Mungu, akawaambia litajeni nyinyi na mle. Maswali yote niliyoyataja huko juu ni ya dukani na mgahawani.

Mzigo wa chakula

Beba akiba ya siku mbili tatu za mwanzo kabla hujaujua mji. Tende, visheti, karanga, kashata, biskuti za kawaida, chai yako na iliki. Jagi dogo la umeme litakupikia mayai, tambi na uji hotelini, na mayai ya kuchemsha yameshaokoa wasafiri wengi kuliko apu yoyote. Uchina usipeleke nyama, maziwa, mayai wala matunda mabichi, machungwa ya Muheza yatachukuliwa uwanjani na utajaza fomu juu yake. Ulaya nao nyama na maziwa kutoka huku ni marufuku hata kidogo, ila samaki wanaruhusu kwa matumizi yako mpaka kilo 20, kwahiyo ng'onda wako afungwe vizuri mifuko mitatu, harufu yake isiwaamshe watu wa forodha bure. Achari iende kwenye sanduku linalopimwa, sio begi la mkononi, maana inahesabiwa maji na ikizidi mililita 100 itabaki pale ukaguzi.